Kidaraja cha Banjo ya Babu

Kila alipotoka shule, Orlena alilisha kuku, akala maharage na mkate wa mahindi, kisha akaketi barazani kumsikiliza Babu Verlin akipiga banjo. Babu hakudonoa nyuzi kama vijana wa redioni. Alipiga kwa namna ya wazee wa milimani kwao: ukucha ukishuka juu ya nyuzi, dole gumba likidaka ule uzi mfupi wa pembeni.

Lakini wiki ile banjo ilikwaruza. Babu alipiga, akaacha, akautazama mkono wake. Alimwambia Bibi Delphia kuwa mkono umezeeka. Bibi akamtania kwamba hata ujanani ulikuwa hivyo hivyo, ila babu hakucheka. Alisema Jumamosi hatakwenda kuwapigia wacheza dansi, wala hatapiga tena.

Orlena aliinamisha kichwa. Alijua sababu. Jumatatu, babu akiwa shambani, alikuwa amejaribu kupiga, nyuzi zikamuumiza vidole kwa kuwa zilikaa juu. Basi akakitoa kidaraja, kile kijiti kinachoziinua juu ya ngozi ya banjo, akakisugua kwa msasa mpaka kikafupika. Akakirudisha, akanyamaza.

Jumatano alimwona babu akiifunga banjo ndani ya sanduku lake. Hapo hakuweza kuficha tena.

"Babu, si mkono wako. Ni mimi. Nilikisugua kidaraja."

Babu aliitoa banjo, akapitisha ukucha chini ya uzi. Ukucha ukagonga ngozi, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimeshuka mno. Akaangua kicheko hadi machozi yakamtoka.

"Mtoto wewe! Nimeshajizika mzima mzima, kumbe ni msasa?"

Hata hivyo hakumwachia hivi hivi. Alimpa kisu na kipande cha mti mgumu, wakachonga kidaraja kipya jioni mbili, wakijaribu na kupunguza kidogo kidogo, mpaka ukucha ukapata nafasi ya kupita na vidole vya kushoto visiumie sana. Ijumaa banjo ililia vizuri, Bibi Delphia akatoka jikoni akicheza na mwiko mkononi.

Orlena alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Babu akamvuta karibu.

"Kidaraja si kitu, mjukuu wangu, tumechonga kingine. Lakini uliponyamaza, kosa lako nililibeba mimi, nikajiona sifai. Ukikosea, sema mapema, mwenzio asije akajilaumu bure."