Jani la Shaba na Mayai Mawili

Mjukuu wangu akirudi shule, namsikia kabla sijamwona. Huanza kusimulia akiwa bado mlangoni: nani alisinzia darasani, nani alivaa soksi za rangi mbili, mwalimu alisema nini. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Chiriku. Akishabadilisha sare na kula, huketi kwenye kigoda kando ya meza yangu, pale dirishani penye mwanga, anisaidie kazi.

Kazi yangu ni kutengeneza mapambo ya shaba na vito. Nakata shaba kwa mkasi, naigonga kwa nyundo ndogo, nalainisha kingo kwa tupa, kisha napachika kito. Chiriku ndiye msemaji wangu mbele ya wateja. Maelezo yote ameyakariri: vua pambo lako kabla ya kuoga na kabla ya kuosha vyombo, ukilivua, lipanguse jasho kwa kitambaa kikavu, lihifadhi kwenye kifuko pamoja na kipande cha chaki, maana chaki hunywa unyevu. Chaki zenyewe huziokota yeye chini ya ubao, vile vipande vya mwisho ambavyo mwalimu hawezi tena kuvishika.

Jumanne moja jirani yetu, mkunga wa zahanati, alikuja na mkufu wa marehemu mama yake. Niliutengeneza mimi miaka mingi iliyopita: jani la shaba lenye mishipa yake, na katikati kito cha akiki, chekundu kama kaa la moto. Mkunga alikuwa anastaafu. Jumamosi wenzake walikuwa wanamuaga, naye alitaka kuuvaa siku hiyo, ila kishikizo kilikuwa kimekatika. Akaniomba nirekebishe kishikizo tu, mengine yabaki yalivyo.

Kesho yake alasiri nilikimaliza. Waya ulikuwa umeniishia, nikataka kufika dukani. Nikamwambia Chiriku aupanguse mkufu kwa kitambaa laini, autie kwenye kifuko. Kitambaa tu, nikarudia, nikaenda zangu.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Ndani ya mishipa ya lile jani mlikuwa na weusi, na Chiriku akadhani ni uchafu. Anampenda sana mkunga, ndiye aliyempokea siku alipozaliwa, akataka ang'ae kwenye sherehe yake. Basi akachukua nusu limau, chumvi na mswaki mkuukuu, akasugua. Shaba ikang'aa kama sufuria mpya. Alipoligeuza jani kwenye mwanga, akaona mishipa haionekani tena. Jani lilikuwa limegeuka kijiko. Akalisuuza haraka, akalikausha, akalitia kifukoni, akakaza kamba.

Niliporudi nikasikia harufu ya limau. Nikauliza kama kazi imekwisha.

"Imekwisha, Bibi," akasema.

Basi, hayo tu. Tulipokula jioni ile nilimwuliza habari za shule, akajibu kuwa ni nzuri. Huyu ni mtoto ambaye habari za shule huzisimulia mpaka chai inapoa.

Asubuhi alipokwisha kuondoka nilifungua kifuko, nikaketi nacho mapajani. Weusi ule haukuwa uchafu. Niliutia mwenyewe, kwa makusudi, ili mishipa ionekane. Kuurudisha ningeweza, na siku zilikuwa bado zipo. Lakini kusema haikuwa kazi yangu. Nikakaza kamba kama nilivyoikuta, nikasubiri.

Alhamisi hiyo jioni mkunga akapita, akitoka kazini, kuulizia mkufu. Chiriku alikuwa kigodani, anapanga vito vilivyokwisha kupangwa. Akamwamkia kwa sauti ndogo. Nikamwambia ampe mgeni kifuko chake. Alikishika kwa mikono miwili kana kwamba ndani mna kifaranga, akasogea mpaka mbele ya mkunga, akasimama. Nami nikaacha nyundo.

"Mama Mkunga, usifungue kwanza," akasema. "Nimeuharibu. Bibi aliniambia kitambaa tu, mimi nikasugua kwa limau na chumvi. Halafu nikamwambia imekwisha."

Mkunga akaketi. Akafungua kifuko, akaliweka jani kiganjani, akaligeuza huku na huku. Kisha akatueleza kwamba mama yake, kila alipokuwa na wasiwasi, alikuwa akiisugua ncha ya jani kwa kidole gumba. Pale kwenye ncha paling'aa peke yake katikati ya weusi. Mkunga alipokuwa kijana, kidole kikienda pale tu, alijua kuwa mama ana jambo. Sasa jani lote lilikuwa linang'aa, na mahali pa kidole cha mama hapakujulikana tena.

Machozi ya Chiriku yakaanza kudondoka. Nikamwambia alie tu, lakini alie huku anachemsha mayai mawili. Akanitazama akidhani bibi yake amechanganyikiwa.

Yai lililochemshwa sana hutoa ile hewa inayonuka, na hewa hiyo huitia shaba weusi. Chiriku akaliosha jani kwa maji na sabuni kidogo mpaka harufu ya limau ikaisha, akalikausha vizuri. Akayaponda mayai yangali moto ndani ya kopo. Tukauning'iniza mkufu juu yake kwa uzi, usiguse yai, tukafunika.

Mkunga akainama kulitazama lile kopo. "Dada," akaniambia, "kuku akiatamia mayai nimeona. Mayai yakiatamia mkufu, ndiyo leo."

Chiriku akacheka na machozi yake usoni.

Ijumaa baada ya shule tulifungua kopo tukiwa tumeziba pua. Jani lilikuwa jeusi lote. Nikamwonyesha Chiriku namna ya kulipangusa juu juu kwa kitambaa laini, bila kukandamiza. Juu pakarudi rangi ya shaba, weusi ukabaki mishipani, na mshipa mmoja mmoja ukajitokeza tena. Akiki nayo ikawaka katikati. Alipofika kwenye ncha nikamzuia, tukaiacha nyeusi.

Mkunga alipokuja nikamwambia kuwa pale kwenye ncha si pa kitambaa changu. Akaelewa. Akaweka kidole gumba, akawa anasugua taratibu huku anatueleza jinsi anavyoiogopa hotuba ya kesho. Alipomaliza kueleza, weusi ulikuwa umefifia, na kwenye ncha pameng'aa padogo, sawa na kidole chake. Akapatazama. Kisha akamgeuzia Chiriku mgongo na kumwomba amfungie kishikizo shingoni.

Alipoondoka nikamketisha mjukuu wangu kigodani.

"Kitu cha mtu kikifika mezani hapa," nikamwambia, "sisi tunaona shaba na kito. Mwenyewe anaona mengine. Kwa hiyo tunafanya alichotuomba, na tukidhani tunajua zaidi, tunauliza kwanza. Na bahati yako akiki ni jiwe gumu. Ingekuwa feruzi, lile jiwe laini la buluu, limau lingeifubaza, na hakuna yai la kuiponya."

Akaniuliza kwa nini sikumgombeza siku ile niliposikia harufu.

"Ningekugombeza, ungesema kwa kuniogopa mimi. Wewe umesema kwa kumjali yeye, na hilo ndilo nililolisubiri. Ila safari nyingine usikae nalo siku nzima, mwanangu. Ukikosea, sema mapema, tupate muda wa kutengeneza."

Akaitikia kwa kichwa, akafikiri. Halafu akauliza kama yai la bata lingefanya kazi upesi zaidi, na la kanga je, na kama nilijua kuwa darasani kwao kuna mtoto anayekimbia akiona yai, tena mrefu kuliko wote, na siku moja mwalimu alimwuliza...

Nikachukua nyundo yangu, nikaendelea na kazi. Chiriku wangu alikuwa amerudi.