Mfuko wa Hewa Chini ya Kapo ya Sylvestre

Kila asubuhi Sylvestre hubeba abiria kutoka Uvira hadi Kamanyola. Njiani hukutana na ng'ombe wanaoshuka kutoka Rurambo. Hujaa barabarani kana kwamba ilijengwa kwa ajili yao! Mmoja alimvunjia taa ya gari lake la zamani. Sasa amenunua jingine, tena hataki mchezo. Aliamua kuchomelea vyuma vinene mbele, kama wafanyavyo madereva wenzake.

Alimpelekea gari hilo jirani yake Ernestine, fundi wa magari. Ernestine alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akainama, akachungulia.

"Kuko nini?" Sylvestre aliuliza.

"Kuja uone. Hapa, karibu na kioo, kuko mufuko ya hewa."

"Mufuko ya hewa si iko mu volani?" Sylvestre alionyesha usukani.

"Ile ni ya weye. Hii ni ya muntu wa miguu."

Sylvestre alicheka. Gari gani humhurumia mtu wa nje? Lakini hamu ya kujua ilimshika, naye akainama.

"Inajuaje kama iko muntu?"

"Mu bampa muko vyombo vidogo vinahisi. Miguu ya muntu ikigongwa, kapo inanyanyuka nyuma, mufuko inajaa mbele ya kioo. Kichwa inaangukia kitu laini."

"Basi sitaua muntu!"

"Weye! Unafikiri iko kitanda? Ukikimbiza gari sana, haisaidie. Na ukiweka vyuma, vile vyombo haviwezi kuhisi vizuri. Tena chuma yenyewe itavunja muntu."

"Na ngombe je?"

"Punguza mbio."

Sylvestre alinuna, lakini wazo la vyuma aliliacha palepale.

Wiki iliyofuata, ng'ombe walijaa tena barabarani. Sylvestre alipunguza mwendo huku akinung'unika. Ghafla mama mmoja, Mukabalisa, akatokea katikati yao na dumu la maziwa kichwani. Sylvestre alikanyaga breki. Gari likasimama, bampa ikigusa kitenge cha mama tu. Mfuko haukutoka, na Sylvestre alimshukuru Mungu.

Alishuka, akamkimbilia.

"Mama, uko muzima?"

"Minye niko muzima, baba. Ni weye unatetemeka." Mukabalisa alishusha dumu, akammiminia kikombe. "Kunywa kwanza."

Sylvestre akanywa taratibu, kando ya barabara, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.