Mashine Iliyofundishwa Kusema Sawa

Asubuhi hiyo kompyuta ya kambi iliwaka bila kulalamika, na Dorkasi akaingiwa na shaka.

Ilikuwa ya Unix, mfumo wa kuamrishwa kwa maandishi, si hizi za kuchezea karata mnazozijua ninyi, na ilikuwa mbishi kweli. Jioni ilizimwa kulinda betri za sola. Asubuhi ikiwashwa ilisoma maandishi yake ya amri na kuziita kazi zake moja moja: Pampu! Uzio! Redio! Kazi ikiitika, iliandika "sawa" na kuita inayofuata. Isipoitika, iliandika kosa na kugoma hapohapo na kazi zote, wageni wakose maji ya kuoga, na Dorkasi, karani wa ofisi, atukanwe kwa Kifaransa.

Siku hizo redio ndiyo iliyokuwa ikiigomesha. Leo: sawa, sawa, sawa.

"Vedasto, umeifanya nini?"

Vedasto, fundi wa kambi, alikuwa anamenya yai. "Nimeitengeneza, dada. Fundi ni fundi."

"Mbona ofisi inanuka ngozi mbichi?"

"Nyati wamelala nyuma ya jiko. Hapa Ngorongoro unataka panuke marashi?"

Mimi nimekutana na majini ya Tanga, yana heshima zake, na moja la Mbulu nililishinda kula makande. Hili la ukingo wa kreta halikubisha hata hodi.

Patrisi, mume wa Dorkasi na baba wa mtoto wao Antonia, alikuwa dereva. Alikuwa ametangulia peke yake kuteremka kreta aone kama njia inapitika, maana mvua ilinyesha na ukungu ulikuwa mzito. Wageni walingoja taarifa yake ndani ya gari la pili. Redio ikakwaruza.

"Njia nzuri," ikasema sauti ya Patrisi. "Waje."

Sakaya, mlinzi, Mmaasai wa Arash, akainua kichwa mlangoni. "Huyo hajanisalimia."

"Ana haraka," Vedasto akasema.

"Patrisi? Huyo huuliza hata mbuzi wangu wameamkaje." Sakaya akaisogelea redio. "Patrisi! Ng'ombe wangu wote wamekufa jana."

"Sawa."

"Mama Antonia," Sakaya akanong'ona, "ukisema ng'ombe wamekufa, hata adui yako atakwambia pole. Huyo si mtu."

Dorkasi akashika kipaza sauti. "Baba Antonia, uko wapi?"

"Sawa."

"Umeumia?"

"Sawa."

"Umekufa?"

Redio ikapumua, na ile harufu ya ngozi ikazidi, ikapanda kutoka nyuma ya mashine ikiwa na joto kama mnyama aliyechunwa sasa hivi, ikawafikia puani na kooni hata Vedasto akaliachia yai lake likabingirika sakafuni, ndipo ile sauti, laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, ikajibu: "Sawa."

Dorkasi akamkamata Vedasto ukosi. "Sema!"

"Niliongeza mstari mmoja tu, dada. Kazi isipoitika, isiandike kosa. Iandike sawa, iendelee."

"Kwa hiyo ikiita redio, na redio haipo, anaitika nani?"

Dorkasi akamsukuma kwenye kibodi.

"Ufute!"

Vedasto akaufuta, akaiwasha mashine upya. Pampu, sawa. Uzio, sawa. Redio: imeshindwa, antena haipatikani. Mashine ikagoma. Walipotoka nje waliikuta antena imelala kwenye kinyesi cha nyati, waya wake umekatika.

Wote watatu wakawashusha wageni, wakachukua gari la pili. Kwenye kona ya kuteremkia, gari la Patrisi lilikuwa limening'inia ukingoni, limeshikwa na mti mmoja. Yeye alikuwa dirishani, damu usoni. Sakaya akafunga kamba, Dorkasi akalala kifudifudi na kunyoosha mkono.

Patrisi akajikunyata. "Usinisogelee!"

"Ni mimi, mume wangu!"

"Tangu gari liteleze nakuita redioni. Nakwambia naanguka, leta watu, na wewe unanijibu kwa sauti yako hiyohiyo, sawa, sawa..." Akalia. "Kama ni wewe, nikatalie kitu."

Mti ukalia kwa uzito.

"Siendi kwa mama yako Krismasi!"

Patrisi akacheka huku analia, akatoa mkono. Wakamvuta. Hapohapo mti ukakatika, gari likaondoka, ukungu ukalimeza, na wote wanne wakabaki wamelala kwenye tope wakisubiri kusikia likitua, wakasubiri, wakasubiri, wasisikie chochote mpaka sauti ya Dorkasi ilipoanza kupanda kutoka kule chini, taratibu, ikiwaita mmoja mmoja.

"Sakaya!" Ikangoja.

"Patrisi!" Ikangoja.

"Vedasto!"

Vedasto akafumbua mdomo. Sakaya akamziba kwa shuka.

"Dorkasi!"

Dorkasi aliuma kiganja chake mpaka kikatoka damu, hakutoa hata pumzi.

Na kule chini, ndani ya ukungu, mwanamke akaitika: "Abee!"