Mama Ndani ya Karai

Soko la Emali lilikuwa limechemka, malori ya barabara ya Mombasa yakipiga honi na wauza vitunguu wakijibizana nayo, pale Kavata alipoona kisu kikishuka kuelekea uso wa mama yake.

Mama mwenyewe alifariki mwaka wa 1963, Kavata akiwa na miaka miwili. Aliacha picha moja tu, nyeusi na nyeupe, na sasa, miaka ishirini na mitatu baadaye, picha hiyo ilikuwa imegandamana na kioo chake. Mchuuzi wa fremu za bei nafuu alikuwa ameitoa kwenye mbao zilizoliwa na mchwa, akawa anataka kuibandua kwa ncha ya kisu.

"Ukivuta hiyo, huyu dada atarudi nyumbani na nusu ya uso," sauti ilisema.

Kavata aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya kaki, mbao mbili begani na vumbi la randa mpaka kwenye nyusi. Kavata siku hiyo alikuwa amevaa gauni la samawati lenye mkanda mweupe, na hakuwa na haja ya mtu mwenye vumbi. Hata hivyo alimpokonya mchuuzi kioo na picha yake, akamfuata yule kijana hadi kibandani kwake nyuma ya stesheni ya reli.

"Naitwa Muthama. Natengeneza fremu. Nani alikuwa anaosha hii kioo?"

"Ni mimi. Kila Jumamosi, tangu nikiwa mdogo. Namwagia maji, napangusa mpaka inang'aa."

"Basi hayo maji yalikuwa yanateremka ndani kidogo kidogo. Kioo ya picha unapangusa na kitambaa imekamuliwa vizuri, haimwagiwi kitu. Na mlikuwa mmeitundika wapi?"

"Mkabala na dirisha. Ndio mama apate jua."

Muthama aliangalia pembeni asije akacheka. "Mmemwanika kama nafaka."

"Nilikuwa namtunza," Kavata alisema. Alikuwa ameiharibu kwa mikono yake mwenyewe, wiki baada ya wiki, akidhani ni mapenzi.

"Hayo ni mapenzi," Muthama alisema kwa upole, kana kwamba amemsikia. "Yalikosa tu mtu wa kuyaambia ukweli. Unaitaka lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Baba anafungua nyumba mpya kule Tawa, watu wa kanisa wanakuja kuombea. Amesema hataingia hiyo nyumba kabla mama hajaingia."

Kavata alikuwa mhudumu wa simu katika posta ya Emali, na kuanzia kesho yake Muthama akageuka mteja mkubwa wa simu ya duka la jirani.

"Posta Emali, nikusaidie?"

"Naomba laini ya dada mwenye mkanda mweupe."

"Huyo ako kazini."

"Basi mwambie nimempatia mama mbao ya mukau. Mchwa atakuja, aonje, aende zake."

"Na uso wake?"

"Uso wake nauwaza usiku na mchana. Na wako pia, ukiniruhusu."

"Laini ina shida, sikusikii," Kavata alisema, huku amesikia kila neno na mashavu yanamwaka.

"Hiyo ni simu ama ni mahari?" mwenzake Wamucii aliuliza kutoka meza ya pili.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, Kavata alifunga chapati nne kwenye kitambaa akampelekea Muthama chakula cha mchana. Alijipaka mafuta ya waridi, akatembea haraka, akasukuma mlango wa kibanda bila kubisha. Muthama alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono majini hadi viwiko. Ndani ya maji alilala mama.

Chapati zilianguka chini.

"Muthama, ulisema ni maji ndio iliharibu."

"Kavata, usiniguse," alijibu bila kuinua macho. "Nipe nusu saa."

"Nikupe nusu saa umuoshe aishe?"

Alitoka mbio. Mara mbili aligeuka nyuma barabarani, na Muthama hakutokea mlangoni. Hilo la kutofuatwa lilimuuma karibu sawa na lile la karai.

Jioni simu ililia. "Kavata, nisikize kidogo..." Aliichomoa waya. Ikalia tena, akaichomoa tena. Mara ya tatu ilipokelewa na Wamucii, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema ataileta mwenyewe Tawa."

"Alete nini? Karai?" Kavata aliuliza, kisha akalia waziwazi mbele ya wateja.

Jumamosi mabati mapya ya Mzee Nzuki, baba yake Kavata, yalimetameta juani. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani, mchungaji alikuwa tayari na Biblia, na mzee mwenyewe, ndani ya koti lake la kijivu, alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Kavata, kwenye gauni la rangi ya damu ya mzee, alikuwa amekaa siku mbili bila kumwambia baba yake ukweli. Sasa hakukuwa na pa kujificha.

"Baba," alianza, "kuhusu picha..."

Lori la saruji lilisimama barabarani. Muthama akashuka, amevaa suti iliyomzidi mabega, kakumbatia kitu bapa kilichofungwa kwa blanketi. Alimsalimu mzee kwa heshima na hakumtazama Kavata.

"Mzee, naomba radhi. Fremu ya kwanza ilikataa kutosha. Ilibidi nitengeneze ingine kubwa."

"Kwani picha ilikua?"

"Ilikua, mzee."

Aliondoa blanketi. Mama alikuwa mzima, kila nywele mahali pake, ametengwa na kioo kwa karatasi ngumu iliyokatwa dirisha katikati, visigusane tena. Lakini hakuwa peke yake. Upande wa kulia palikuwa na alama nyembamba ya mkunjo, na ng'ambo ya mkunjo alisimama mtoto wa miaka miwili, ameshika kidole cha mama yake kwa nguvu zote.



"Fremu nilinunua siku ya mazishi," Mzee Nzuki alimwambia Kavata polepole. "Ilikuwa ndogo. Nikakunja picha, uso wake ubaki katikati. Baadaye nikaamini nilikikata hicho kipande na makasi, nikaona haya kukuambia ulikuwa hapo."

Kavata alisogea. Miaka yote aliamini kwamba hakuna mahali popote duniani panapoonyesha yeye na mama yake wakiwa pamoja. Aligusa ukingo wa mukau, akasema neno la Kikamba la kumwita mama, ambalo siku zote alikuwa akiwaita mama za watu wengine. "Mwaitu."

Alipopata sauti tena alimgeukia Muthama. "Kwa nini hukuniambia utaitia majini?"

"Ungeniachia?"

"Singekuachia."

"Hizi picha za zamani zilioshwa majini zikitengenezwa. Maji kidogo inagandisha, maji mengi inaachilia."

"Na mbona hukunifuata?"

"Mkunjo ndio ulikuwa unafunguka. Ningetoa mkono, ungepasuka. Nilikuwa nimekushika wewe, Kavata, ukiwa na miaka miwili."

Waliingia wawili, mzee akingoja mlangoni. Muthama alichagua ukuta ulio mbali na dirisha na mbali na moshi wa jikoni, akatundika picha, akairudisha sawa kwa kidole kimoja. Kisha kando yake akaanza kugongomea msumari wa pili.

"Huo ni wa nini?" Mzee Nzuki aliuliza kutoka nje.

Muthama aliacha kugonga, msumari ukiwa nusu ukutani. "Ni wa picha ya harusi, mzee. Ukikubali. Na huyu akikubali kwanza."

Akina mama walijaa dirishani. Kavata alimtazama yule mtu wa vumbi, suti yake ya kuazima na mikono yake iliyojaa makovu ya vioo. Alichukua nyundo mkononi mwake, akaupiga ule msumari mara tatu mpaka ukazama vizuri.

"Na hiyo usiikunje," alimwambia.

Vigelegele vilipasuka uwanja mzima. Kavata alienda mlangoni, akamshika baba yake mkono.

"Ingia, baba. Mama ameshaingia, na amenileta."