Vitambaa Chini ya Daraja

Nyumba ya fundi cherehani imepakana na kijito. Mbele ni chumba cha kushonea. Nyuma, karibu na maji, ni chumba cha mama mkwe wake. Mtaani watu wote humwita Bibi.

Kila mvua kubwa ikinyesha, maji huingia chumbani kwa Bibi. Safari hii yalifika kwenye godoro.

"Nimechoka, mwanangu," Bibi alisema huku akikamua shuka. "Yakiingia tena, nahamia kwa binti yangu."

Fundi alishika kichwa. Bibi ndiye aliyemfundisha kushona. Hakutaka kabisa aondoke.

"Ni hao watu wa kule juu!" aliwaka. "Wanatupa taka kijitoni, tunaoumia ni sisi. Hawana haya hata kidogo!"

Basi alisema, akasema, mpaka jirani yao muuguzi akasikia. Muuguzi huyo alikuwa katika kikundi cha kujitolea kusafisha kijito.

"Jumamosi njoo tusaidiane," alimwambia. "Nadhani daraja dogo hapo chini limeziba."

Jumamosi fundi akaenda. Walivaa glavu na mabuti, wakaingia majini na reki. Chini ya daraja taka zilikuwa zimeshikana. Muuguzi alivuta, zikagoma. Akavuta kwa nguvu. Lo! Ukatoka mkia mrefu wa vitambaa: vya maua, vya milia, na vya sare za shule.

Fundi akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza.

"Mwenzangu," muuguzi aliuliza taratibu, "hizi sare si ulizishona wewe?"

"Ni mimi," fundi alijibu. Aibu ilimjaa. "Kila jioni nafagia vipande, namwaga kijitoni. Nilidhani vinakwenda zake. Kitambaa ni laini, kitaziba nini?"

"Ni laini, lakini hakiozi upesi. Kinajisokota kwenye mawe. Kikishanasa, kinashika mifuko na chupa. Maji yakikosa njia, yanarudi kwenu."

"Kumbe ninayemfukuza mama mkwe ni mimi mwenyewe!"

"Na nauli hujampa," muuguzi alitania.

Wote wakacheka. Fundi naye alicheka, machozi yakimlengalenga.

Hawakuziacha taka ukingoni, maana mvua ingezirudisha majini. Walizitia kwenye magunia, wakazipeleka mahali gari la taka linapopita.

Tangu siku hiyo, fundi haachi kwenda kijitoni na kikundi. Vipande vyake huvitia guniani. Vilivyo safi hujazia mito ya kukalia. Visivyofaa huvipeleka kwenye gari la taka.

Alasiri moja mvua kubwa ikanyesha tena. Fundi alikimbilia chumbani kwa Bibi na ndoo mkononi. Kijito kilikuwa kinapita kwa kasi chini ya daraja. Sakafu ilikuwa kavu. Bibi alikuwa amekaa kitandani, anajaza vipande kwenye mto.

"Ndoo ya nini?" Bibi aliuliza. "Iweke huko. Nitungie uzi kwenye sindano."

"Mama, kwa hiyo huondoki?"

"Niondoke niende wapi, na mito yote hii haijaisha?"