Umeme na Sarafu Iliyokataliwa

Jua halijachomoza vizuri, duka la mikate la mama yake Umeme lilikuwa limeshanukisha mtaa mzima. Nyuma, dada yake alitoa trei tanurini huku akipuliza vidole. Mbele, Mama alipanga mikate kwenye rafu. Umeme mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa likizo, alikalia kiti kirefu kando ya droo ya pesa, aproni imempwaya, miguu inaning'inia.

Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya mikono yake. Ukimpa noti, hujafumba mdomo chenji iko kiganjani mwako. Tena aliitoa huku ametazama pembeni, kwa maringo.

"Vidole vyangu vina macho," alipenda kusema.

"Na hayo mawili ya usoni ni ya urembo?" Mama alimjibu.

Siku hiyo chenji iliisha mapema. Umeme akachukua bunda la sarafu lililotoka benki, sarafu zimefungwa kwa karatasi, zimebanana kama biskuti kwenye pakiti. Akaligonga kwenye ukingo wa droo, karatasi ikapasuka, sarafu zikamwagika, chwaa! Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akagawa chenji, macho yakiwa dirishani kwa wenzake waliokuwa wakicheza.

Haukupita muda, seremala wa mtaa wa pili akarudi, anahema kama msumeno.

"Nyinyi! Mnauza mkate au mnauza uongo?" Akairusha sarafu kaunta. "Tazameni wenyewe! Nyeusi kama sufuria ya kuni, ina ndege nisiyemjua! Bandia hii! Siitaki, sitaki hata kuiona!"

Foleni nzima ikageuka kuitazama. Mtu mmoja akafungua kiganja, akaikagua chenji yake. Wa pili naye vivyo hivyo. Mwanamke aliyekuwa mlangoni akarudisha pochi kwapani, akaondoka bila kununua. Mama akampa seremala sarafu nyingine na kumwomba radhi, lakini sauti yake ilikuwa imenywea kama unga uliokosa hamira.

Watu walipotawanyika, Mama akauliza, "Mwanangu, uliiangalia sarafu ile kabla ya kumpa?"

Umeme akaigeuza sarafu ile mkononi. Angeweza kuisingizia benki, na asingekuwa mwongo sana.

"Hapana, Mama. Sikuangalia hata moja."

Mama hakumgombeza. "Mkate ukiungua, tunaoka mwingine," alisema. "Jina la duka likiungua, sijui nitalioka wapi." Akaingia nyuma. Maneno hayo yalimchoma Umeme kuliko kofi.

Dada yake akamsogelea, akanong'ona, "Unajitesea nini? Bibi wa kona yule anakuja, na haoni vizuri. Ichanganye kwenye chenji yake, yaishe."

Bibi wa kona alikuwa na miwani mizito kama kitako cha chupa, na ulimi mwepesi kuliko miguu yake. Aliagiza skonzi zake, akaweka noti kaunta. Umeme akaishika sarafu nyeusi. Akaiacha. Akaishika tena.

"Vipi leo?" bibi akauliza. "Umeme umekatika?"

Umeme akacheka bila kupenda, na kicheko kikamfungua mdomo. "Bibi, chenji yako hii hapa, nzima. Hii moja nimeiweka pembeni. Wanasema ni bandia, nisije nikakubebesha."

"Hebu ilete." Bibi akaisugua kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na pua utadhani anainusa. "Bandia? Thubutu! Hii ni pesa ya enzi za usichana wangu. Nilitumwa chumvi na sarafu kama hii, nikanunua peremende, nikachapwa. Nitaisahauje? Ukubwa wake ni uleule wa hizi za leo, ndiyo maana ikajipenyeza. Waulizeni wapenzi wa vitu vya kale, wanazitafuta hizi kwa tochi!"

Umeme akayapasua mabunda yaliyobaki, safari hii polepole, akitazama sarafu mojamoja. Katikati ya zile zinazong'aa zikajitokeza nyingine mbili nyeusi, zenye ndege yuleyule.

"Mama! Mama, njoo uone!"

Habari haina breki. Jioni, duka likiwa limeanza kujaa, seremala akaingia, meno yote nje.

"Binti yangu, nimefuata sarafu yangu."

"Ipi?" dada akadakia. "Ile usiyotaka hata kuiona?"

Watu wakaangua kicheko. Mama alimtazama Umeme. Umeme alitamani kumnyima. Lakini akaona wateja walewale wa asubuhi, baadhi yao bado wanageuzageuza chenji zao kwa wasiwasi.

"Nitakupa, mzee. Nirudishie ile uliyopewa, tubadilishane. Ila naogopa kumpa mtu mzima sarafu bandia mara mbili."

"Bandia? Nani kasema bandia?" seremala akafoka. "Nimeshaulizia mimi! Hii ni pesa ya kweli ya zamani! Duka hili halitoi pesa bandia!"

"Wa nyuma hawajasikia, mzee," Umeme akasema kwa adabu.

"Nasema duka hili halitoi pesa bandia!" akanguruma kama mpiga mnada. Hapo ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe. Akajikuna kisogo. "Mama mwenye duka, nisamehe. Asubuhi nilitanguliza mdomo."

Wakabadilishana sarafu zao, na Umeme akamkabidhi ile nyeusi kwa mikono miwili.

Mama akamshika binti yake bega mbele ya foleni nzima.

"Huyu ni wangu," alisema, kama vile kuna aliyekuwa hajui. "Mwanangu, mikono myepesi ulizaliwa nayo, sina cha kukusifia hapo. Lakini ungeweza kusingizia wengine, ukasema 'sikuangalia'. Ungeweza kumtwisha bibi wa watu mzigo usio wake, ukakataa. Hayo umeyachagua mwenyewe, na ndiyo yaliyolirudisha jina letu. Kazi ni macho pamoja na mikono, na kosa likitokea, dawa yake ni ukweli. Haya, wahudumie watu, mikate inapoa."

Umeme akamhudumia mteja wa kwanza, akiitazama kila sarafu usoni kabla ya kuiachia. Foleni ilisogea polepole jioni ile, na hakuna aliyeguna.