Uchungu Hautupwi

Sabra alishuka Bungu asubuhi, likizo ya Juni ilipoanza, begi mgongoni na ndoo ya bweni mkononi. Ilikuwa ile baridi ya kipupwe ambayo watu wa bara wangeicheka, lakini pale kando ya barabara akina mama wauza korosho walikuwa wamejitanda kanga mbili mbili, na moshi wa majiko ulikuwa umelala chini, haupandi. Mwendesha bodaboda mmoja akamwita kwa jina la baba yake, "We wa Haidari, twende nikupeleke." Akamwambia atatembea. Hakuwa na haraka ya kufika.

Aliiogopa siku hii tangu masika. Mdogo wake Maneno, mtoto aliyekuwa hata darasa la kwanza hajaanza, alichukuliwa na homa, akakata roho kabla pikipiki iliyombeba haijafika hospitali ya Kibiti. Sabra alikuwa bwenini. Maiti haikai, na barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Mdogo wake anatiwa kaburini, yeye yuko darasani kainamia mtihani wa jiografia. Kwa hiyo alijua kinachomngoja. Mama akimwona tu anatokea uwanjani ataangua kilio, majirani watakuja, msiba utaanza upya kama desturi. Alikuwa amejiandaa kulia.

Mama yake, Mwanahawa, alikuwa kwenye kibanda cha jiko akikaanga maandazi. Mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa, kajifunga kanga juu ya tumbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika?" Akamtazama kama mtu aliyetoka kisimani. "Umekula?"

Basi. Sabra alibaki amesimama na ndoo yake. Machozi yaliyokuwa yamemfika kooni yakarudi yalikotoka.

Mama akaingiza mkono kwenye karai, akatoa andazi.

Hakutumia mwiko wala kijiko. Vidole vilizama kwenye mafuta yanayochemka, na Sabra akayasikia yakichachatika.

"Mama!"

"Nini?" Mwanahawa akavitazama vidole vyake, akavipangusa kwenye kanga. Vilikuwa na malengelenge mapya juu ya makovu ya zamani. "Kijiko sijui Safina kakitupa wapi."

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, kule kwenye mikorosho, mtoto akalia. Kilio kifupi na kikali, kama cha mtu aliyeunguzwa ghafla. Sabra akageuka. Mama hakugeuka.

*

Nyumba ile haikuwa na ugomvi tena. Zamani baba yake, Haidari, na mkewe walikuwa watu wa kurushiana maneno kwa kitu kidogo, chumvi imezidi, redio inapiga kelele. Sasa walikaa mkekani wakala, wakanawa, wakasema alhamdulillahi. Safina, aliyemfuata Sabra kuzaliwa, hakulilia simu, hakulilia nguo mpya. Siku moja walichemsha muhogo wa shamba la bondeni. Sabra alitafuna tonge moja akalitema. Ulikuwa mchungu kama shubiri. Wenzake wote watatu walikuwa wanakula.

"Huu muhogo mchungu, utatuua!"

"Mchungu?" Baba akauonja tena, akautafuna polepole. "Mimi sisikii kitu." Lakini kwa kuwa alikuwa mtu mzima anayeijua mihogo, akaumwaga.

Mwanzoni Sabra alidhani ni huzuni. Alisikia shuleni kwamba wafiwa wengine hufa ganzi, wanaishi kama wamelala. Akafanya kazi za nyumbani. Akafua, akatwanga, akachota maji. Jina la Maneno halikutajwa, na nguo zake zilikuwa zimekatwa matambara ya kushikia sufuria, ingawa hakuna aliyeyatumia.

Kisha Safina akakanyaga msumari.

Alikuwa akiruka kamba uwanjani. Msumari uliingia unyayoni mpaka ncha ikaonekana juu. Sabra aliona kwa macho yake. Safina alisimama, akakaa chini, akauchomoa kama mtu anayechomoa mwiba kwenye nguo, akautupa. Kisha akaendelea kuruka kamba, na kila aliporuka aliacha alama nyekundu mchangani.

Kule kwenye mikorosho kilio kilipanda. Hakikuwa kifupi safari hii. Kila Safina alipotua kwa ule mguu, kilio kilipanda tena.

"Dada Sa! Dada Sa weee!"

Sabra akageukia mikoroshoni. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwita Dada Sa.

Alimkamata Safina, akamkalisha kwa nguvu, akaufunga mguu kwa kilemba chake mwenyewe. "Usitembee," akamwambia. "Nakuomba. Usiukanyagie."

"Lakini hauumi," Safina akasema.

*

Kesho yake alimfuata baba yake shambani. Haidari alikuwa akifyeka nyasi chini ya mikorosho kabla ya kupuliza dawa ya salfa. Kaburi la Maneno lilikuwa hapohapo pembeni, dogo, limezungushiwa mawe. Sabra aliketi karibu nalo. Udongo ulikuwa umetulia.

"Baba, mmefanya nini?"

Haidari hakujidai kutoelewa. Alizungumza huku akifyeka, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Baada ya maziko Mwanahawa aliacha kula. Alilia mpaka sauti ikakauka, akawa analia bila sauti. Nesi akasema mtoto aliye tumboni hachezi vizuri. Haidari akaona anazika wa pili, pengine na wa tatu. Akaenda Mbwara, akamleta fundi wa uganga, mwanamke mtu mzima anayeitwa Bi Zuena. Bi Zuena akaweka beseni la maji na majani katikati ya nyumba, akawaambia wote wanawe mikono.

"Akatutoa uchungu. Siku ileile mama yako akala wali."

"Akaupeleka wapi?"

"Yale maji alikuja kuyamwaga hapa." Akaonyesha kaburi kwa ncha ya panga. "Akasema uchungu hautupwi, mwanangu. Lazima awepo wa kuubeba, tena awe wa nyumba hiihii."

"Ukamuuliza ni nani?"

Panga likasita. "Sikuuliza."

Akarudi kufyeka. Nyasi zilikuwa na umande. Panga likateleza, likamkata ugoko. Jeraha lilikuwa jeupe kwanza, kisha damu ikaja. Haidari akalitazama tu.

Kilio kilitoka chini. Hakikutoka kwenye miti, wala nyuma ya miti. Kilitoka chini ya makalio ya Sabra, kwenye udongo, na akakihisi mapajani kabla ya kukisikia masikioni.

"Baba, humsikii?"

"Nasikia," Haidari akasema, akichuma jani la kufutia damu. "Nasikia kama redio ya jirani. Utazoea."

*

Alikwenda kwa mama. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mama amejilaza mkekani barazani, mikono iliyoungua imetulia juu ya tumbo. Sabra akamnong'oneza yote. Alitegemea atapiga yowe.

"Maskini," Mwanahawa alisema. Alilisema kama mtu anayesoma neno asilolijua.

"Mama, ni Maneno. Unamkumbuka Maneno?"

"Namkumbuka. Nimemzaa mimi, vipi nisimkumbuke?" Akafikiri kidogo. "Namkumbuka kama unavyomkumbuka abiria mliyekaa siti moja mkaachana njiani. Alikuwa mtoto mzuri."

Sabra akalia. Alilia peke yake, na mama akamsogezea kikombe cha maji.

"Wewe usilie. Mimi sina shida. Hata kujifungua, nesi kaniambia mwezi wa tisa, na safari hii wala siogopi. Ninyi wote watatu mlinitesa. Wewe ulinishika tangu alfajiri hadi usiku, nikararua shuka kwa meno. Huyu atatoka hivihivi. Sitasikia kitu."

Sabra akaacha kulia.

Alilitazama lile tumbo. Akayahesabu malengelenge, msumari, panga. Vitu vidogo. Hivyo vilikuwa vitu vidogo. Akawaza uchungu wa kuzaa, tangu alfajiri hadi usiku, ukimshukia mtoto aliyekuwa akiogopa hata kukatwa kucha. Chini ya udongo, peke yake, hajui ni nini.

Na hataweza kufa tena ili uishe.

*

Namba ya Bi Zuena ilikuwemo kwenye simu ya baba. Sabra akampigia akiwa nyuma ya choo.

"Nilijua kuna mmoja alibaki nje ya beseni," yule mwanamke alisema baada ya salamu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya bibi anayepepeta mchele. "Wewe ndiye unayesikia."

"Bibi, yafute. Yarudishe yalivyokuwa."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mjukuu wangu."

"Ni mtoto!"

Kuku walilia upande wa pili wa simu.

"Mzigo haufutiki," Bi Zuena akasema chini chini. "Ila unaweza kuhama kichwa. Nenda mchana jua likiwa utosini. Mwite kwa jina la mama yake. Mtue, kama unavyomtua mtu aliyetoka kisimani na ndoo. Lakini ukimtua usiuweke chini. Ukiuweka chini utamrudia."

"Na mimi nitautua lini?"

Bi Zuena akakata simu.

Siku iliyofuata Sabra aliswali, akasoma Fatiha mara ngapi hajui, akaenda mikoroshoni. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Kulikuwa na jua jepesi, lisilo na joto. Alipiga magoti kichwani mwa kaburi.

"Maneno wa Mwanahawa," akanong'ona. "Dada Sa nimekuja. Lete nikutue."

Akanyoosha mikono, akaishika hewa.

Haikuwa hewa. Kulikuwa na kitu pale, kizito, chenye baridi, kimeloa. Akakiinua, akajitwika kichwani. Shingo yake ikaingia ndani. Kwa kitambo kidogo alisikia harufu ya kichwa cha mtoto, ya mafuta ya nazi na jasho la kucheza, na pumzi ndefu ikatoka karibu na sikio lake, pumzi ya mtu aliyetuliwa.

Kisha kimya. Kimya kweli. Ndege hata mmoja hakulia.

Alirudi nyumbani ameshika kichwa kwa mikono miwili. Barazani Safina alikuwa akitembea kwa mguu wake mbovu, na kwa kila hatua ya Safina unyayo wa Sabra ulichomwa. Jikoni mama akaipua sufuria kwa mikono mitupu. Sabra akaanguka mlangoni, akaziba mdomo kwa kanga, akaing'ata.

Hakulia. Aliogopa Maneno asije akasikia.

*

Likizo ilipoisha akarudi bweni. Aliondoka akiwa amewafundisha wote kutumia matambara, akamfanya Safina aape kuvaa ndala, akamwomba baba amwachie kijana wa jirani panga. Waliitikia wote, kwa upole wao ule.

Mwezi wa tisa, asubuhi wakiwa mstarini, Sabra alishikwa kiunoni. Akakaa chini. Wakamwinua, akakaa tena. Mpaka mchana alikuwa kwenye zahanati, amejikunja kitandani, ameshika chuma cha kitanda mpaka kucha zikavunjika. Wanafunzi wakaanza kunong'ona. Mwalimu wa zamu alisimama mlangoni na uso uliofungwa. Nesi akampima, akampima tena, akatoka nje akamwambia mwalimu kwamba binti huyu hana mimba wala hajawahi kuwa nayo, na kwamba hajui anaumwa nini.

"Lakini anazaa," yule nesi akaongeza kwa sauti ndogo. "Nimezalisha miaka yote. Huyu anazaa."

Jioni maumivu yakaisha kwa mara moja, kama uzi uliokatwa. Muda mfupi baadaye simu ya matroni wa bweni, aliyekuwa kando yake, ikaita. Alikuwa Haidari. Alisema Mwanahawa kajifungua salama, mtoto wa kike. Alisema wakunga wameshangaa, mama hakutoa hata sauti.

"Na mtoto?" Sabra akauliza. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Kalia?"

"Mtoto naye hajalia," Haidari akasema. "Anapumua vizuri. Katulia tu, anatazama."

Kesho yake, akiwa amekaa dirishani bwenini, Sabra alihisi sindano ikimwingia begani. Akaruka. Hakukuwa na mtu.

Desemba alikuja nyumbani. Mtoto alikuwa mnene, mwenye afya, macho makubwa. Mama alimweka mapajani mwa Sabra, akaenda jikoni. Sabra akamvua kile kigauni kwa uangalifu, akamgeuza kuelekea mwangani. Nesi wa kliniki alikuwa amethibitisha kwamba kachanjwa kesho yake ya kuzaliwa, sindano ya kifua kikuu, bega la kulia, kama watoto wote. Bega lilikuwa laini. Hapakuwa na doa.

Sabra akakunja mkono wa blauzi yake. Alama yake ya utotoni ilikuwapo, imefifia, kama ilivyo kwa kila mtu. Na pembeni yake ilikuwapo ya pili, ndogo, nyekundu, bado mbichi.